Amekojoa tone moja, ataka peremende mbili

SWALI: Asalam aleikum dada. Nina mtoto wa kike wa miaka 2 na miezi 7, tuko huku Likoni. Nilipoanza kumfunza poti nikawa nampa peremende kila akikojoa, na mambo yakaenda vizuri sana mwanzo, lakini sahii ashajua janja, anakojoa tone moja anashuka anadai peremende, kidogo tu anarudi tena na tone lingine anadai ya pili, nikimnyima analia mpaka majirani wanauliza kuna nini. Alafu haja kubwa ndo hataki kabisa kufanyia pale, anangoja nimvishe pampasi ya kulalia ndo anaenda nyuma ya pazia anamaliza shughuli yake. Mama mkwe asema namfunza mtoto hongo. Na pale ninapotaka kumpeleka chekechea Januari wamesema mtoto wa pampasi hawachukui. Niache zawadi ama nifanyeje?
Mama wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Pole, na hongera pia, maana mtoto anayeweza kutoa tone akazuia lingine huyo kibofu chake tayari anakiamrisha mwenyewe, na hiyo ndo kazi kubwa, wengi wa umri wake bado hawajafika hapo. Kwa hivo mchana usirudi kumvisha pampasi ya mkojo hata akikuchosha vipi.

Zawadi usiache, badilisha tu kile unacholipia. Wewe walipia mkojo, na yeye ashaona mkojo unagawika. Anza kulipia kukaa. Muite akiamka, baada ya kula, kabla hamjatoka nyumbani na kabla ya kulala, akikaa dakika mbili tatu ametulia amepata chake, mkojo utoke usitoke. Cha pili cha kulipia, na hiki kishangilie zaidi, ni akikujia mwenyewe kukwambia "mama susu" kabla haijamwagika. Akirudi tena baada ya dakika mbili na lile tone lake, msifu, mpe kumbatio, mnawe mikono muendelee na mambo mengine. Atalia siku za kwanza, najua, na wewe usibishane naye, maana ukimpa leo kwa sababu amelia, kesho atalia zaidi.

Peremende yenyewe mimi siikubali. Sukari mara saba nane kwa siku ni meno kuoza mapema, na zile ngumu za mviringo zinaweza kumkwama kooni, mtoto chini ya miaka 4 hata njugu nzima hapewi. Nunua stika za bei rahisi abandike mwenyewe mkononi, ama mchoree nyota ya chaki mlangoni, ama apigiwe babake simu aambiwe leo nimekaa poti na babake ashangilie kwa sauti, utashangaa vile hiyo simu inafanya kazi kushinda pipi. Muhimu apate papo hapo. Ukimuahidi Jumamosi mtaenda ufukweni Mama Ngina, kwa mtoto wa miaka miwili Jumamosi haipo. Na akijikojolea sakafuni usimnyang'anye stika ya asubuhi, hiyo ashaichuma. Mwambie tu mkojo unaenda kwenye poti, akusaidie kupangusa, yaishe.

Kuhusu neno la mama mkwe, kuna utafiti wa mwaka 1973 kule Marekani, akina Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa nasari wanaopenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti wakichora, wengine wakapewa cheti bila kutarajia, wengine hawakupewa kitu. Baadaye wale walioahidiwa ndo waliochora kidogo kuliko wenzao wakiwa huru. Kwa hivo mama mkwe ana hoja kwa kitu ambacho mtoto tayari anakipenda. Lakini poti hakuna mtoto anayeipenda siku ya kwanza, hapo zawadi inasukuma gari liwake, alafu akishazoea unapunguza pole pole, leo unampa, kesho unasahau, kesho kutwa unampa ghafla bila kuahidi, mpaka mwenyewe anaacha kuuliza.

Sasa hii ya haja kubwa ndo iliyonishtua zaidi kwenye barua yako, na hapa tafadhali weka zawadi kando kwanza. Mtoto anayejificha na kungoja pampasi mara nyingi amewahi kuumia. Choo kikiwa kigumu siku moja kikamkwaruza, anaanza kubana, akibana kinakaa ndani kinazidi kukauka, siku kikitoka kinauma tena, basi anabana zaidi. Hapo umpe stika umpe dunia nzima, hatakaa, maana anaogopa. Mpe pampasi yake bila maneno wakati huu, kumnyima kutamfanya azuie siku tatu nne ikawa balaa. Angalia anachokula: akishinda na maziwa na biskuti atafunga choo tu. Mpe maji mara kwa mara, papai, embe, maharagwe, mchicha. Miguu yake iguse chini ama umuwekee kibao, mtoto anayening'inia miguu hasukumi vizuri. Na muite kama nusu saa baada ya kula, tumbo likijaa ndo utumbo unapoanza kusukuma wenyewe. Choo kikishalainika na hofu ikapungua, muache avae pampasi lakini afanyie chooni, alafu akae kwenye poti akiwa nayo, alafu ndo uivue, na kila hatua hapo ina stika yake.

Kile kipande cha sabuni ambacho wazee wanawatia watoto huko nyuma, usikubali. Kinachoma, na kinamuongezea hofu ile ile. Ukiona damu, tumbo limevimba, ama chupi inachafuka kila saa na choo cha majimaji ambacho wewe unadhani ni kuhara kumbe kimepenya pembeni ya kile kigumu, nenda kliniki, kuna dawa za kulainisha za watoto na huchukua muda, usizikatize baada ya siku mbili tatu tu.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 4, mchana yuko sawa lakini usiku analowesha kitanda. Nimemuahidi baiskeli akikaa wiki nzima mkavu, sasa kila asubuhi anaamka akilia. Nimekosea wapi?
Baba wa Kisauni

JIBU: Kakangu, aliyelala hawezi kulipwa. Mkavu wa usiku unategemea kibofu kukua na homoni inayopunguza mkojo usiku, na wengi wanafika miaka 5 na zaidi bado. Ile baiskeli mpe Idi, isihusishwe na shuka. Chai ya jioni punguza, maji usimnyime mchana, akojoe kabla ya kulala, tandika plastiki chini ya shuka, na hakikisha choo chake si kigumu maana hicho kinabana kibofu. Akishapita miaka 5 na bado anakusumbua, zungumza na daktari. Lakini kama alikuwa mkavu miezi 6 alafu ghafla ameanza tena, ama anaumia akikojoa, ama anakunywa maji kupita kiasi na anakonda, usingoje umri, mpeleke siku hiyo hiyo apimwe mkojo na sukari.