Amri ya malezi ya mtoto inapovuka mpaka

Swali: Wakili, naomba msaada wako. Mahakama ya nchi ninayoishi ilinipa malezi ya binti yetu wa miaka 8. Baba yake alimchukua likizo kwenda nchi nyingine, tukakubaliana amrudishe baada ya wiki 4. Tangu siku aliyotakiwa kurudi imepita miezi 7. Nilisafiri na amri yangu hadi kituo cha polisi cha huko. Wakaisoma, wakanirudishia, wakasema si ya mahakama yao. Sasa nasikia mwenzangu amefungua shauri la malezi hukohuko. Je, amri yangu imekufa?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Amri yako haijakufa. Lakini askari wale hawakukudanganya. Polisi hutii mahakama za nchi yao, na amri ya kwingine, hata iwe na mihuri mingapi, haikaziwi, yaani haitekelezwi kwa nguvu ya sheria, mpaka mahakama ya pale iitambue au itoe amri yake yenyewe.

Kwanza shika kalenda. Kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1980 kuhusu utekaji wa watoto wa kimataifa, na mkataba huo unafanya kazi kati yao, mahakama ya huko inapaswa kuamuru mtoto arejeshwe mara moja ikiwa maombi yamefunguliwa kabla ya mwaka 1 kutimia. Mwaka huo unahesabiwa kuanzia siku aliyotakiwa kurudi, hivyo umebakiwa na miezi 5. Ukichelewa mlango haufungwi kabisa, ila mwenzako atapata nafasi ya kusema mtoto ameshazoea mazingira mapya. Na angalia jambo ambalo limewaumiza wengi: kinachohesabiwa ni siku maombi yanapofunguliwa mbele ya mahakama au chombo chenye uamuzi katika nchi aliko mtoto, si siku uliyopeleka barua kwa Mamlaka Kuu ya nchi yako, yaani ofisi ya serikali inayoshughulikia maombi ya mkataba huu. Nenda kwa Mamlaka Kuu wiki hii, waulize kama mkataba unafanya kazi kati ya nchi hizo mbili (nchi iliyojiunga baadaye lazima iwe imekubaliwa na ile nyingine), kisha usiache kuwafuatilia mpaka upate namba ya shauri. Unaweza pia kwenda mahakamani moja kwa moja kupitia wakili wa huko.

Shauri la kurejeshwa si shauri la malezi. Jaji hatauliza nani mzazi bora. Atauliza mtoto alikuwa na makazi yake ya kawaida wapi, kama ulikuwa na haki ya malezi na ulikuwa ukiitumia, na kama amezuiliwa kinyume cha haki hiyo. Inaniuma kuona mama amekuja na faili nene la kumchafua mwenzake, halafu hana barua ya shule wala kadi ya kliniki inayoonyesha mtoto aliishi wapi. Kusanya hizo. Tafuta pia tiketi ya kurudi, na ujumbe wa simu ambao baba alitaja tarehe ya kumrudisha.

Tukiwa kwenye ujumbe wa simu, naomba usome tena kila ulichomwandikia tangu likizo iishe. Utetezi mmojawapo ni kwamba ulikubali au uliridhia. Mzazi akiandika kwa uchovu, “Basi akae huko kwanza, tutaongea,” sentensi hiyo itasomwa mahakamani neno kwa neno. Kuanzia leo kila ujumbe useme wazi kwamba hukukubali na unataka mtoto arudi. Utetezi mwingine ni hatari kubwa kwa mtoto akirejeshwa, au mtoto mwenyewe kupinga akiwa na umri na ukomavu wa kusikilizwa. Jiandae kuujibu kwa ushahidi.

Kuhusu shauri alilofungua, Mkataba wa 1980 unaizuia mahakama ya huko kuamua malezi baada ya kuarifiwa kwamba mtoto amezuiliwa isivyo halali, mpaka suala la kurejeshwa liamuliwe. Kwa hiyo taarifa hiyo imfikie jaji huyo kwa maandishi, haraka. Usikae kimya ukidhani hakuhusu.

Amri yako yenyewe inaguswa zaidi na mkataba mwingine, Mkataba wa The Hague wa 1996 kuhusu ulinzi wa watoto. Nchi zote mbili zikiwemo, amri inatambuliwa bila kufungua kesi upya, kisha unaomba itangazwe kuwa inaweza kukaziwa. Inaweza kukataliwa kama baba hakupewa nafasi ya kusikilizwa, au kama mtoto hakupewa nafasi hiyo, na haikuwa dharura. Hivyo ikiwa ilitolewa kwa kusikiliza upande mmoja, ambatisha uthibitisho kwamba wito ulimfikia. Chukua kwa msajili wa mahakama iliyotoa amri nakala iliyothibitishwa, na tafsiri rasmi ikihitajika.

Kama hakuna mkataba wowote kati ya nchi hizo, utalazimika kufungua maombi mapya huko. Amri yako itakuwa ushahidi mzito, lakini jaji atapima mwenyewe maslahi ya mtoto. Ni njia ndefu, na hapo wakili wa huko hakwepeki.

Nakusihi, usimvizie mtoto shuleni ukamchukua. Najua uchungu unavyosukuma, lakini utakuwa umempa mwenzako hoja ambayo hakuwa nayo, na unaweza kushtakiwa wewe. Siku ya kufungua maombi, omba na amri za muda: hati za kusafiria za mtoto zikabidhiwe mahakamani, asihamishwe tena, na uzungumze naye kwa video kwa siku na saa zilizotajwa. Amri inayosema “kwa muda watakaokubaliana” haimsaidii askari yeyote. Inayosema Jumatano na Jumamosi saa 12 jioni kwa saa za huko inamsaidia.