Maswali ya Wasomaji: Python Inapochelewa Kuita Fanksheni

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinagusa jambo moja: Python hufanya nini kati ya wewe kuita fanksheni na fanksheni yenyewe kuanza kazi? Majibu yanahusu CPython, ile Python ya kawaida inayopakuliwa python.org, kuanzia toleo la 3.11, isipokuwa pale tutakapotaja toleo jingine.

Habari za kazi. Programu yangu inasoma mauzo ya korosho ya AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima), mistari kama laki nne. Mwenzangu kaniambia niache kutaja majina ya argumenti, eti malipo(kilo=75, bei=3000, makato=120) inachelewesha kuliko malipo(75, 3000, 120). Nimefuta majina yote, sioni nafuu. Pia nina dekoreta, yaani fanksheni inayofunika nyingine, inayopima muda wa kila mwito. — Msomaji, Masasi

Rudisha majina yako. Python inapokompaili mwito wenye majina, majina huwekwa mara moja tu kwenye tupli, yaani orodha isiyobadilika, na thamani zinapita kwenye staki (rundo la muda la thamani za mwito) kama kawaida. Fanksheni inapoitwa, mkalimani (programu inayotekeleza msimbo wa Python) hulinganisha majina hayo na vigezo vyake, na kwa kawaida ulinganisho unaishia kwenye anwani ya kumbukumbu bila kusoma herufi moja moja. Gharama ipo, lakini ni ndogo. Hasara ya kuyafuta ni kubwa zaidi: siku utakapopindua bei na makato, Python haitakulalamikia, na mkulima aliyeleta kilo 75 atatoka ghalani akiwa na deni.

Mzigo wako uko kwenye dekoreta. Bila shaka inafanana na hii:

```
def pima(f):
    def ndani(*args, **kwargs):
        mwanzo = perf_counter()
        jibu = f(*args, **kwargs)
        rekodi.append(perf_counter() - mwanzo)
        return jibu
    return ndani
```

Fuata mwito mmoja tu. Thamani zinaingia `ndani`, zinakusanywa kwenye tupli mpya. Kamusi ya `kwargs` nayo inaundwa, hata kama hukutaja jina lolote, kwa sababu sahihi ya fanksheni, yaani mstari wake wa `def`, imeiagiza. Ikifika `f(*args, **kwargs)`, Python inaunda kamusi ya pili, inamimina ya kwanza ndani yake, kisha inavifungua vyote upya ili `f` ivipokee kimoja kimoja. Ukitaka kuona kwa macho yako, andika `dis.dis(pima(malipo))`, inayoonyesha maagizo ya ndani ya fanksheni, na utafute mistari ya `DICT_MERGE` na `CALL_FUNCTION_EX`. Tupli moja, kamusi mbili, fremu ya ziada (nafasi ya kazi ya kila mwito), saa kusomwa mara mbili, na rekodi kuongezwa kwenye orodha. Zidisha kwa laki nne.

Tiba ya kwanza: toa dekoreta kwenye `malipo`, uzungushe saa kwenye lupu nzima. Ukigawa muda wa jumla kwa idadi ya mistari utapata wastani ulio sahihi kuliko ule wa dekoreta, maana fanksheni fupi namna hiyo ikipimwa mwito mmoja mmoja, unachopima zaidi ni saa yenyewe. Kama dekoreta lazima ibaki, andika vigezo vyake waziwazi, `def ndani(kilo, bei, makato)`, uite `f(kilo, bei, makato)`, na kamusi zote mbili zitatoweka.

Shikamooni. Nina klasi Mzigo, na chini yake Korosho na Ufuta. Nilitaka kujua mizigo mingapi imepita, nikaongeza Mzigo.idadi += 1 ndani ya methodi ya kupokea. Mstari mmoja tu, lakini lupu nzima imekuwa nzito, hata methodi ambazo sikuzigusa. Inawezekanaje? — Msomaji, Nachingwea

Marahaba. Hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, kwa sababu umeona kwa jicho lako kitu ambacho wengi hukipita.

Ukiandika `m.thamani()`, Python haijui methodi hiyo iko wapi. Inaitafuta kwenye klasi ya `m`, isipoipata inapanda kwa mzazi, kisha kwa mzazi wa mzazi, hadi `object`. Kurudia safari hiyo kila mara ni kazi bure, hivyo kuna kashe, yaani hifadhi ya karibu ya majibu yaliyokwisha kupatikana. Kila klasi hupewa namba ya toleo, na kashe hukumbuka kwamba klasi yenye namba fulani, ikiulizwa jina fulani, jibu lake ni methodi fulani. Jedwali hilo lina nafasi 4,096 na linatumiwa na klasi zote. Tangu toleo la 3.11, lililotoka Oktoba 2022 na mpango wa PEP 659 (PEP ni pendekezo rasmi la kuboresha Python), kuna kashe nyingine ndani ya maagizo ya msimbo wenyewe: mwito uliorudiwa vya kutosha hubadilishwa uwe agizo mahususi, ambalo hukagua tu kama namba ya klasi ni ileile, kisha huchukua methodi moja kwa moja.

Sasa angalia mstari wako. `Mzigo.idadi += 1` unaandika kwenye klasi. Python haichunguzi kama ulichobadilisha ni methodi au namba tu. Klasi imeguswa, basi namba yake ya toleo inafutwa, na namba za watoto wake wote, Korosho na Ufuta, zinafutwa pamoja nayo. Methodi inayofuata inatafutwa upya kuanzia chini, na agizo mahususi linakuta namba haifanani, linarudi njia ndefu. Kashe inapata jibu, mzigo unaofuata unapokelewa, jibu linatupwa. Ndiyo maana hata methodi ambazo hukuzigusa zimelemewa.

Kuandika kwenye kitu kimoja, mfano `self.kilo = 75`, hakuna madhara hayo, kwa sababu klasi haiguswi. Ila usikimbilie `self.idadi += 1`. Mstari huo unasoma sifuri kutoka kwenye klasi na kuandika moja kwenye kitu. Mwisho wa siku kila mzigo una idadi 1 na klasi bado ina 0. Wala `self.__class__.idadi += 1` haikusaidii: huko bado unaandika kwenye klasi.

Weka kihesabio ndani ya chombo ambacho klasi inakishika tu: `hesabu = [0]` juu kwenye klasi, na `Mzigo.hesabu[0] += 1` kwenye methodi. Hapo klasi inasomwa, kinachobadilika ni orodha, na namba ya toleo inabaki salama. Na kama mizigo yote inaishia kwenye orodha moja, usihesabu kabisa. `len()` itakujibu mwishoni. Kanuni hiyohiyo inawahusu wanaotumia `setattr` kwenye klasi katikati ya lupu, au wanaobandika methodi mpya programu ikiwa inakimbia. Bandika zote mwanzoni, kabla kazi haijaanza.

Pima vihesabio viwili hivyo kwa `python -m timeit`, ambayo hurudia jaribio mara 5 na kukupa muda bora. Chomeka chaja, maana kompyuta nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri, na kwenye joto la mchana wa Pwani ya Kusini prosesa isiyopoa vizuri hushuka kasi katikati ya jaribio.

Nimeweka lru_cache kwenye fanksheni ya bei ya mnada. Kwanza ilikataa ikisema unhashable type: 'list'. Nilipoirekebisha, haikuongeza kasi hata kidogo, na kumbukumbu inazidi kujaa. Ninazungukia vyama 200 kwa mpangilio uleule. — Msomaji, Lindi mjini

Una matatizo matatu. `lru_cache` ni dekoreta inayohifadhi majibu ya fanksheni ili yasitafutwe upya. Argumenti ndizo ufunguo wa kashe, na orodha haiwezi kuwa ufunguo kwa kuwa hubadilika; pitisha tupli. Hilo nadhani ulishalitatua.

La pili ni hesabu. Usipotaja ukubwa, `lru_cache` huhifadhi majibu 128 na hutupa lile ambalo halijaguswa muda mrefu zaidi. Ukizungukia vyama 200 kwa mpangilio uleule, chama cha 129 kinamtoa wa kwanza, cha 130 kinamtoa wa pili, na ukirudi kwa wa kwanza ameshaondoka. Hutapata hata jibu moja kwenye kashe. Ita `bei.cache_info()`: `hits` itakuwa 0. Weka `maxsize=256`. Kagua pia namna unavyoiita, kwa sababu `bei("Newala", 3)` na `bei(chama="Newala", mnada=3)` huhifadhiwa kama funguo mbili tofauti. Chagua mtindo mmoja. Na bei ikibadilika baada ya mnada, ita `bei.cache_clear()`, la sivyo utalipa kwa bei ya wiki iliyopita.

Kumbukumbu kujaa: tunashuku umeiweka juu ya methodi. Hapo `self` nayo ni sehemu ya ufunguo, hivyo kashe inashikilia kila kitu hai hadi zamu yake ya kutupwa, na ukiandika `maxsize=None` zamu hiyo haifiki. Toa fanksheni nje ya klasi uipe tu thamani inazohitaji. Kama ni thamani moja kwa kila kitu, tumia `cached_property`, iliyopo tangu 3.8.

Je, bado inafaa kuandika ongeza = orodha.append kabla ya lupu? — Msomaji, Mikindani

Faida yake imepungua sana. Zamani kila `orodha.append(x)` iliunda kitu cha muda kinachofunga methodi na orodha yake. Toleo la 3.7 la mwaka 2018 liliondoa hatua hiyo kwenye miito ya kawaida, na 3.11 ikaongeza kashe tuliyoieleza hapo juu. Ukikuta mstari huo kwenye msimbo wa zamani, uache. Kwenye msimbo mpya, kama lupu inajenga orodha tu, andika `[f(x) for x in mistari]`, msimbo usomeke vizuri na usiwe na `append` ya kuita.