Kabla ya kuhesabu wanachama, hesabuni wauguzi

Ninyi mnaoanza kazi katika mituweli za afya, yaani mifuko ya bima inayochangiwa na wanachama wenyewe, hapa Bukavu mtaulizwa kila mwezi mmeandikisha familia ngapi. Nawasihi mjiulize pia swali ambalo mimi nilichelewa kujiuliza: mwenye kadi akifika kituoni atamkuta nani, na atakuta dawa gani?

Mwaka wangu wa kwanza tuliandikisha familia nyingi huko Kadutu, tukafurahi, kumbe kituo tulichofunga nacho mkataba kilibaki na wauguzi wale wale na vitanda vile vile, na dawa zake za malaria zilinunuliwa kwa fedha alizolipa mgonjwa wa jana. Mfuko wetu ulipochelewa kulipa ankara, dawa zilikwisha, na akina mama waliokwisha kutoa michango yao wakaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa mjini. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Bima huongeza huduma kwa mwendo usio sawa: dawa huweza kupatikana wiki chache baada ya fedha kuingia, lakini muuguzi husomeshwa kwa miaka. Marekani ilipoanzisha Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, mwaka 1965, hospitali zililipwa kwa kufuata gharama zao, nazo zikapata ujasiri wa kujenga na kununua vifaa; utafiti wa mwanauchumi Amy Finkelstein wa mwaka 2007 ulikadiria kuwa mpango huo uliongeza matumizi ya hospitali kwa asilimia 37 kufikia mwaka 1970. Hata hivyo, ongezeko hilo lilikuwa la gharama pia, na fedha za namna hiyo sisi hatuna.

Mfano wa jirani unatufaa zaidi. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda ilijaribu mituweli katika wilaya 3 mwaka 1999, na zilipokuwa zikienea nchini, kuanzia mwaka 2006 vituo vikalipwa pia kulingana na kazi iliyofanyika. Kwetu wauguzi wengi huishi kwa mgao wa fedha za wagonjwa. Kwa hiyo uzazi bila malipo, ulioanzia Kinshasa mwaka 2023, humwondolea mama mzigo, lakini usipofidiwa kwa wakati humnyima mkunga chakula cha watoto wake, naye hawezi kulaumiwa akitafuta kazi nyingine.

Basi kabla ya kutia sahihi mkataba, ombeni daftari la dawa la miezi 6 iliyopita, hesabuni siku ambazo dawa zilikosekana, kisha kaeni na muuguzi wa zamu ya usiku mumuulize alilipwa lini mara ya mwisho.