Kazi za nyumbani zisikuchoshe: maswali na majibu

*Vyombo vya usiku vinanichosha kuliko kazi ya mchana kutwa. Nifanyeje?*

Vipange kabla hujagusa maji. Anza na bilauri, kisha vikombe, sahani, masufuria mwisho. Ukitanguliza sufuria la mchuzi, mafuta yatahamia kwenye bilauri. Ukoko wa wali usishindane nao: utilie maji, endelea na vingine, mwishowe utabanduka kwa mwiko wa mbao. Halafu ipe kazi mwisho wake: futa karo, kamua dodoki, lianike. Dodoki likishaanikwa, kikombe kitakachokuja baadaye na kilale.

*Kusikiliza mawaidha kwenye simu huku nafua ni kosa?*

Wala. Ila izime wakati wa kusuuza. Suuza mpaka maji yasiteleze mkononi, kwa kawaida mara mbili au tatu. Sabuni ikibaki, nguo hukakamaa.

*Watu husema kukuna nazi kunatuliza. Mbona mimi navichubua vidole, na tui linakatika?*

Ni haraka yako tu. Kalia mbuzi sawasawa, shika kifuu kwa mikono miwili, ukizungushe kidogo kidogo. Ukiona chembe za kahawia, acha. Hizo hulitia tui rangi. Nazi moja itilie kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, ukamue: hilo tui zito, liweke kando. Vikombe viwili vingine vitatoa tui jepesi, na hilo ndilo la kuivishia. Zito huingia mwishoni kwa moto mdogo, na hapo huondoki jikoni: koroga bila kuacha mpaka lichemke. Moto ukiwa mkali na mwiko umelala, mafuta hujitenga na maji. Ndimu isubiri sufuria liepuliwe. Dakika hizo za kukoroga, kwa maoni yetu, ndizo tamu kuliko zote jikoni.

*Mchele wa siku hizi una haja ya kuchambuliwa?*

Wa gunia, ndiyo. Kikombe kimoja kimoja kwenye ungo, mlangoni penye mwanga.

*Nikimaliza usafi nafukiza udi, lakini chumba kinanuka moshi.*

Makaa hayajaiva. Ngoja yavae jivu jeupe, ndipo utie kipande kidogo kama ukucha. Kikiwaka mwali, moto umezidi. Ongeza jivu juu ya kaa. Dirisha liwe wazi, na chetezo kitoke nje kabla ya watu kulala: makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.