Kuku Wangu Hawatoki Tena Kivulini

SWALI: Ndugu mtaalamu, mwaka huu nilihama Uyole nikaja Igurusi, wilayani Mbarali, pamoja na kuku wangu 40 wa mayai, chotara, ambao huwafungulia asubuhi wajitafutie chakula. Tangu Oktoba iingie, hutembea kwa saa mbili tu, kisha hujibanza chini ya mwembe hadi jioni, wakihema midomo wazi. Mayai mengi nayaokota vichakani badala ya viotani, na maganda yake ni membamba. Je, ni kideri? Niwape dawa gani?
Msomaji, Igurusi

JIBU: Ndugu msomaji, kuku mwenye kideri huzubaa, huhara kinyesi cha kijani, hupinda shingo, na wenzake hufa kwa wingi. Wewe hujaeleza hayo, kwa hiyo usinunue dawa, ila chanjo ya kila miezi 3 usiikose. Kinachowasumbua kuku wako ni joto, kwa kuwa wamezoea baridi ya Uyole, nawe umewashusha bondeni Usangu, ambako Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua huwa kali sana.

Kuku hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema na kuachanisha mabawa, na anapohema sana hupoteza hewa ya kabonidayoksaidi ambayo damu yake huihitaji katika kutengeneza ganda la yai. Isitoshe, joto humpunguzia hamu ya kula, akakosa chokaa ya kutosha. Hiyo ndiyo sababu ya maganda kuwa membamba. Kushinda mwembeni si uvivu wala ugonjwa: asili ya kuku ni misitu ya Asia, na uwanja mweupe wa mchana humtia hofu ya mwewe pamoja na kumchoma.

Ningeanza na viota. Kuku wengi hutaga asubuhi, lakini kiota kilicho chini ya bati huwa kimeshapata moto kabla ya saa 5, na kuku mwenye akili yake huenda kichakani. Ingiza mkono humo wakati huo, utaelewa. Vihamishie kivulini au uezeke nyasi juu ya bati.

Chakula wape alfajiri na tena saa 11 jioni, kwa sababu usagaji wa chakula tumboni nao huzalisha joto; chokaa iwe ya jioni, maana ganda hujengwa zaidi usiku. Maji yakae kwenye chungu cha udongo kivulini, ubadilishe adhuhuri. Akianguka mmoja, mlowanishe miguu na kilemba kwa maji ya kawaida.

Usichanganye hali hii na ile uliyokuwa ukiiona Uyole asubuhi za Juni, kuku akilala ubavu na kutandaza bawa moja juani. Yule anaota jua, na ni mzima kabisa.

Ukishaweka kivuli, na baada ya wiki mbili wakawa bado wanahema hata usiku wa baridi, mwite afisa mifugo wa kata awapime.