Je, Biblia ya Kiingereza ilituficha kwamba sisi ni miungu?

SWALI: Bwana asifiwe, mwalimu. Kwenye kesha kanisani kwetu Kayole, mhubiri mgeni alisoma Zaburi 8:5 katika King James, ile Biblia ya Kiingereza ya zamani, inayosema Mungu alimfanya mtu mdogo kidogo kuliko malaika. Akasema tafsiri hiyo ni ya uongo: kwa Kiebrania neno ni Elohim, yaani Mungu, na wazungu walilibadilisha ili tusijue thamani yetu. Sisi ni miungu wadogo, akasema, na anayeugua au kushindwa na kodi ya nyumba ni yule ambaye hajachukua nafasi yake. Kaka yangu anatumia kiti cha magurudumu, na alikuwa amekaa mbele kabisa. Tangu usiku ule hataki kurudi kanisani. Je, ni kweli tulifichwa?
– Msomaji, Kayole

JIBU: Asifiwe milele, dada. Chukua Biblia ya Kiswahili ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, ufungue Zaburi 8:5. Imeandikwa: "Umemfanya mdogo punde kuliko Mungu; umemvika taji ya utukufu na heshima." Hakuna malaika hapo. Jambo ambalo mhubiri wenu alilitangaza kama siri limesomwa wazi katika makanisa yetu kwa zaidi ya miaka 70. Shida ni kwamba hapa Nairobi tumezoea mhubiri asome Kiingereza, mkalimani akimbie nyuma yake, na Biblia ya Kiswahili ibaki imefungwa mapajani.

Wala malaika hawakuingizwa na wazungu. Kabla ya Kristo, Wayahudi walitafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, na katika zaburi hii waliandika "malaika". Mwandishi wa Waebrania alinukuu Kigiriki hicho, ndiyo sababu Waebrania 2:7 katika Union hiyo hiyo inasema "mdogo punde kuliko malaika". King James ilitoka mwaka 1611, ikafuata njia iliyokuwa imekanyagwa kwa muda mrefu. Watafsiri wa kale walikuwa na sababu nzuri. Elohim ni neno pana: ni Mungu wa Israeli, ni miungu ya mataifa, na huweza kuwa viumbe wa mbinguni. Katika 1 Samweli 28:13 yule mwanamke wa Endori, mwenye kuita wafu, anamwona Samweli, aliyekwisha kufa, akipanda kutoka ardhini, na anamwita kwa neno hilo hilo. Kwa mbinu ya mhubiri wenu ningeweza kusimama kesho na kufundisha kwamba mtu ni mdogo kidogo kuliko mzimu.

Na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Kila wiki naletewa mahubiri yanayoanza na "kwa Kiebrania neno hili maana yake ni". Nikiuliza mhubiri alikitoa wapi hicho Kiebrania, jibu ni programu ya simu yenye namba za Strong. James Strong alichapisha kazi yake mwaka 1890 ili kumsaidia msomaji wa King James kupata neno linapotokea katika Biblia, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri sana. Chini ya kila namba kuna maana kadhaa ambazo neno limefasiriwa mahali mbalimbali. Kuchagua ile inayokupendeza na kuiita "maana halisi" ni kama kuingia duka la dawa na kuchukua vidonge kwa rangi yake. Sentensi ndiyo inayoamua maana, pamoja na sentensi zinazoizunguka.

Basi tuizunguke. Mstari wa 4 unauliza: "Mtu ni kitu gani hata umkumbuke, na binadamu hata umwangalie?" Neno la Kiebrania lililo nyuma ya "mtu" hapo ni enoshi, lile lile la Zaburi 103:15, ambapo siku za mwanadamu ni kama majani. Mwimbaji ameitazama mbingu, mwezi na nyota, akajiona si kitu. Huyo anayekauka kama majani ndiye anayevikwa taji katika mstari wa 5. Anavikwa, hajivishi. Zaburi haisemi popote kwamba taji ni ya waliokiri kwa sauti kubwa, au wanaotembea kwa miguu yao, au waliomaliza kulipa kodi. Uweke Mungu au uweke malaika, kaka yako hajapungukiwa chochote. Mhubiri aliruka mstari mmoja, akamnyang'anya mtu heshima ambayo tafsiri zote mbili zinampa.

Sisemi tafsiri haina madhara. Ninayafanyia kazi madhara hayo. Wimbo Ulio Bora 1:5 katika Union unasema: "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Kiunganishi cha Kiebrania hapo ni herufi moja, nayo yaweza kuwa "na" au "lakini". Kigiriki kiliweka "na", Kilatini kikaweka "lakini", nasi tukairithi "lakini". Fikiria msichana mweusi anayesoma hivyo katika mji ambao krimu za kujichubua zinauzwa hadharani. Au Mwanzo 2:18, "msaidizi wa kufanana naye". Masikioni mwetu msaidizi ni mtu wa chini, kama chifu na msaidizi wake, na nimesikia harusi nyingi ambapo bibi arusi anaambiwa hivyo hivyo. Ilhali neno hilo la Kiebrania, ezeri, mara nyingi latumika kwa msaada wa Mungu mwenyewe. Ndilo lililo katika Zaburi 121, "Msaada wangu u katika BWANA". Hakuna anayesema Mungu yuko chini yetu kwa kuwa anatusaidia. Hayo ni mambo ya kujadili kwa kina, na sijaona kesha lililoitishwa kwa ajili yake.

Lakini mara nyingi zaidi jeraha hutoka kwenye mdomo wa anayefasiri, huku kurasa zikiwa safi. Katika Mwanzo 9:25 Nuhu anamlaani Kanaani, kwa jina. Hakuna neno juu ya rangi ya ngozi. Hata hivyo watu waliihamisha laana hiyo hadi kwa Waafrika wote ili kutetea utumwa, wakiwa na Biblia iliyotafsiriwa sawasawa mikononi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "kwa Kiebrania", mwulize neno hilo limetumika wapi kwingine, na mistari miwili kabla yake inasema nini. Mwalimu wa kweli atafurahi kuulizwa. Akikujibu kwamba unapinga mafuta ya Bwana, usimpe sadaka wala masikio yako. Kuhusu kaka yako, msome naye Kutoka 4:11, ambapo Mungu anamwuliza Musa ni nani amfanyaye mtu bubu, kiziwi au kipofu, kisha anajitaja mwenyewe bila kumlaumu yeyote kwa kukosa imani. Na mchungaji wenu ndiye aliyempa mgeni yule madhabahu. Ni wajibu wake kufika nyumbani kwenu na kusahihisha mafundisho hayo mbele ya kaka yako, kisha mbele ya kanisa lile lile lililoyasikia.