Akishinda ni yeye, akishindwa ni upepo

SWALI: Mdogo wangu anakimbia mita 800, akishinda ni mazoezi, akishindwa mara upepo mara viatu. Ni kiburi au?

JIBU: Wala, wengi wetu tunafanya hivyo kulinda moyo. Mwanasaikolojia wa Marekani Bernard Weiner alisema sababu tunazotoa zina pande tatu, imetoka ndani yako au nje, inadumu au inapita, unaweza kuibadilisha au huwezi. Mi anayenitia wasiwasi zaidi ni yule wa "sina kipaji", maana kipaji anakiona hakibadiliki sasa ajitume ya nini? Upepo angalau kesho unatulia. Huyo wako akishindwa mwache apoe kwanza (usimvamie palepale!), halafu muulize mita 400 za kwanza alitoka kasi mno au vipi, hiyo anaweza kuirekebisha.